Mpanda Katika Vitabu vya Wengine

Ipo miji iliyoandikwa na wenyeji wake, na ipo miji iliyoandikwa na wapita njia. Lamu, Mombasa, Kilwa na Unguja zina tenzi zake, habari zake za kale na waandishi waliozaliwa humo. Mpanda haina bahati hiyo. Karibu kila lililoandikwa juu ya mji huu na nchi inayouzunguka, ambayo tangu mwaka 2012 huitwa Mkoa wa Katavi, limeandikwa na mtu aliyekuja kutafuta kitu: msafiri aliyemtafuta msafiri mwenziwe, mtaalamu wa mawe aliyetafuta madini, bwana nyama aliyehesabu viboko, na mwanachuoni aliyetafuta maana ya ukimbizi. Katika makala haya tumekusudia kuyapitia maandishi hayo kwa jicho la mhakiki, si kwa nia ya kuyatupa, bali tujue kila moja limetupa nini na limetuficha nini. Katika kuyapitia, msomaji atakutana na mambo kadha wa kadha ambayo hata wakazi wa Mpanda wengi wao hawakuyasikia. Hilo nalo ni sehemu ya hoja yetu, kwa kuwa jambo likiandikwa mbali na kwa lugha ya mbali, mwenye nalo huwa wa mwisho kulijua.

Tuanze na reli, maana ndiyo inayotajwa kwanza.

Mtu akiulizwa Mpanda ni wapi, hujibu: mwisho wa reli. Kwa ramani jibu ni sahihi. Sisi tulipokuwa sekondari katika miaka ya 1980, Mpanda ilikuwa ni kistari cheusi kinachoteremka kutoka Kaliua na kukoma ghafla katikati ya rangi ya kijani. Hatukuambiwa kwa nini kistari kile kilikoma pale. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914 bila ya kuikaribia Mpanda. Tawi la Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, lilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kufunguliwa mwaka 1950. Wala halikujengwa kwa ajili ya mji, wala kwa ajili ya mahindi, wala kwa ajili ya abiria. Lilijengwa ili kuitoa risasi. Madini hayo yalikuwa yamegunduliwa katika miaka ya 1930, na kampuni ya Uruwira Minerals ikayachimba Mukwamba, karibu na mji, pamoja na shaba, fedha na dhahabu iliyochanganyika humo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Basi hesabu ni hii: reli ya mgodi iliutumikia mgodi miaka kumi tu, na imeishi bila ya mgodi kwa zaidi ya miaka 60. Dada yake wa rika moja, ile reli ya karanga ya Mtwara hadi Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake kung'olewa. Ya Mpanda ikabaki, kwa kuwa wakulima na wafanya biashara walikuwa wamekwisha kuifanya yao.

Kiswahili chetu kina jambo la ajabu hapa. Madini yale laini yenye rangi ya majivu na kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki tumeviita kwa jina moja, risasi. Mtunzi wa mashairi akipewa neno la namna hiyo hufurahi, kwa sababu limekuja na vina vyake na maana zake mbili mkononi. Lakini hatujabahatika kuona shairi hata moja juu ya mgodi wa Mukwamba. Tulichoona ni taarifa. Sisi tuliokula chumvi nyingi katika kuandika taarifa za ofisi tunaijua ladha yake, wala hatuidharau; taarifa nzuri ina nidhamu inayokaribia ya ushairi. Kasoro yake ni kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji. Humo, mwamba ulipasuliwa, tani zilisafirishwa, reli ilitandazwa. Nani alipasua? Nani alitandaza? Sarufi yenyewe imewafukuza watu kutoka katika sentensi. Mhakiki wa fasihi huambiwa atazame wahusika. Katika maandishi ya mgodi wa Mpanda mhusika mkuu ni jiwe, na mhusika msaidizi ni kampuni.

Tukirudi nyuma zaidi twakuta vitabu vya safari, navyo vina wahusika wengi kupita kiasi. Msomaji wa kawaida hujua kwamba Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone Ujiji mwaka 1871. Wachache hujua kwamba Stanley hakuifuata njia ya kawaida ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji. Alizunguka kusini na kuikata nchi ya Wakonongo, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Mkoa wa Katavi. Sababu ya mzunguko huo ilikuwa Mirambo. Mtemi yule wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya magharibi, akipigana na Waarabu wa Tabora, na Stanley mwenyewe aliyajaribu majeshi yake kabla ya kuona afadhali kuzunguka. Kwa hiyo ile safari inayosifiwa katika vitabu vya Ulaya ilichorwa njia yake na Mwafrika ambaye hakuwahi kushika ramani ya Stanley mkononi. Mwanzoni mwa mwaka 1872 Stanley na Livingstone walirudi Tabora pamoja, wakapita tena katika nchi hizo. Na katika mwaka huo huo Livingstone akaelekea kusini kwa mara ya mwisho, akazipita Ukonongo na Ufipa akienda kufia Ilala mwaka 1873.

Je, kitabu cha Stanley kinatupa nini? Kinatupa vijiji vilivyoitwa kwa majina ya watemi wake, mito, wanyama, na njaa ya msafara. Kama maandishi, kina nguvu. Hatuwezi kumnyima haki hiyo. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti, naye alijua kumshika msomaji. Lakini nchi yetu ndani ya kitabu chake ni ukumbi wa kupitia. Mtemi hutokea ili atoze hongo, hutoa chakula au hukinyima, kisha mlango hufungwa nyuma yake wala hatumwoni tena. Anayeisoma Ukonongo kwa Stanley hawezi kukisia kwamba watu wale walikuwa mabingwa wa asali na nta, waliochonga mizinga ya magome na kujua majira ya maua ya miombo kama mkulima ajuavyo majira ya mvua. Ufugaji wa nyuki ungali ukiendelea Inyonga na Mlele mpaka leo, nao hausubiri kitabu.

Jambo la ndovu limetuchekesha na kutuhuzunisha kwa pamoja. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kwa kupitia Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika aliyoianzisha Brussels mwaka 1876, aligharimia kuletwa kwa ndovu wanne wa Kihindi kutoka India. Waliteremshwa Msasani, kando ya Dar es Salaam ya leo, wakapandishwa bara kwa miguu pamoja na wachungaji wao wa Kihindi, chini ya Kapteni Carter. Kusudi lilikuwa wafike Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, pafanywe shule ya kuwafuga ndovu wa Kiafrika, ili wachukue mizigo badala ya wapagazi. Yaani ndovu wa India waje wawasomeshe ndovu wa Katavi! Baadhi walikufa njiani, na waliosalia hawakuishi kuiona shule hiyo. Carter mwenyewe, pamoja na mwenzake Cadenhead, aliuawa mwezi wa Juni mwaka 1880 huko Mpimbwe, katika vita ambavyo watu wa Mirambo walikuwamo. Majina ya ndovu wale yamehifadhiwa katika maandishi, mmoja akiitwa Pulmalla. Wapagazi tunapewa kwa idadi.

Karema yenyewe yafaa iandikiwe kitabu kizima. Kituo hicho kilianzishwa na Kapteni Cambier mwezi wa Agosti mwaka 1879, nacho kilikuwa kituo cha kwanza cha ile jumuiya ya Leopold katika bara la Afrika. Msomaji alipime jambo hili vizuri. Ile njia iliyoishia katika Dola Huru ya Kongo ya mwaka 1885, pamoja na maafa yote ya mpira na mikono iliyokatwa, hatua yake moja ya mwanzo iliwekwa katika ardhi ambayo leo ni ya Tanzania, katika kijiji cha Mkoa wa Katavi. Mataifa ya Ulaya yalipogawana, ufuko wa mashariki ukaangukia upande wa Wajerumani, na mwaka 1885 Wabelgiji wakaikabidhi ngome yao kwa Mapadri Weupe. Na ziwa nalo halikutulia. Katika miaka hiyo hiyo maji ya Ziwa Tanganyika yalikuwa yamepata njia kwa Mto Lukuga upande wa Kongo, yakashuka mita kadhaa, hata ufuko ukaikimbia ngome iliyojengwa kuulinda. Historia ya Karema imeandikwa kama historia ya Wazungu waliofika. Lakini ukiitazama vema, katika miaka sita tu mfalme, ndovu, ngome na hata ziwa vilikwisha kuondoka, waliobaki wakiwa Wabende na jirani zao.

Na alibaki mtu mmoja ambaye hakuwa mwenyeji wala Mzungu. Huyu ndiye anayetufanya tusite hapa kidogo.

Adrien Atiman alizaliwa mbali sana, karibu na Timbuktu kwenye Mto Niger. Alitekwa angali mtoto, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara, na Mapadri Weupe wakamkomboa kule Algeria. Walimpeleka Malta akasomea utabibu. Alifika Karema mwaka 1889, kijana wa miaka ishirini na kitu, akiwa mganga na katekista. Hakuondoka. Alioa huko, akazaa huko, mwanawe akawa padri mwaka 1923, naye mwenyewe akafa Karema mwaka 1956. Hesabu inapata miaka 67 ya kutibu watu katika kijiji kimoja. Alipoanza kazi, ukoloni wa Kijerumani ulikuwa haujatulia. Alipokufa, TANU ilikuwa imekwisha kuanzishwa.

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha, kwa Kiingereza, habari za maisha yake zilizosimuliwa na yeye mwenyewe. Twaona kwamba maandishi haya yanastahili kuhesabiwa miongoni mwa tawasifu za maana zilizotoka katika ardhi yetu, tena yawekwe kando ya zile simulizi za watumwa waliokombolewa ambazo wasomi wa Marekani na Uingereza wameziandikia vitabu juu ya vitabu. Tofauti yake ni hii: simulizi nyingi za namna ile huishia katika uhuru. Mtumwa akifunguliwa, hadithi imekwisha. Ya Atiman huanza pale. Utumwa ni utangulizi. Kiini ni kazi, nayo ni kazi ya kurudiarudia, homa na vidonda, mwaka baada ya mwaka, pamoja na watu ambao mwanzoni lugha yao hakuijua. Mwafrika wa magharibi aliyejifanya mwenyeji wa mashariki kabla ya mtu yeyote hajalitamka neno la umoja wa Afrika! Ipo pia kasoro. Atiman anasimulia akiwatazama waliomkomboa, naye ni mtu mwenye shukrani; shukrani ni fadhila kubwa kwa binadamu lakini kwa msimulizi ni pazia. Pale ambapo msomaji angependa kujua aliiona vipi dini ya Wabende, au aliwaza nini alipoona tena misafara ya watumwa kwenye ziwa jipya, yeye hupita upesi akarudi katika utumishi. Hata hivyo sauti ni yake. Katika vitabu vyote tunavyovitaja hapa, hiki ndicho peke yake ambamo mtu aliyekaa anasema kwa nafsi ya kwanza. Katika masomo ya fasihi tuliyosomeshwa sisi, jina lake halikutajwa hata mara moja, ilhali tuliwajua kwa majina watoto wa London waliofanya kazi ya kufagia mabomba ya moshi.

Tugeukie sasa lile jina la mkoa. Mwaka 1974 Mpanda ilitolewa katika Mkoa wa Tabora ikatiwa katika Mkoa mpya wa Rukwa. Na mwaka huo huo pori la Katavi likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 2012 Mpanda ikatolewa Rukwa ikawa makao makuu ya Katavi. Mzee aliyezaliwa Mpanda kabla ya uhuru ameishi katika Jimbo la Magharibi, Mkoa wa Tabora, Mkoa wa Rukwa na Mkoa wa Katavi, asihame hata hatua moja. Kama hayo hayatoshi, sehemu ya iliyokuwa Wilaya ya Mpanda sasa ni Wilaya ya Tanganyika. Lile jina tuliloliona limeingia katika historia mwaka 1964 lingali likiandikwa kila siku kwenye mihuri ya ofisi huko Majalila.

Na Katavi ni nani? Wabende humwita Katabi. Alikuwa mwindaji, nayo roho yake yasemekana inakaa katika mkwaju ulio kando ya Ziwa Katavi, ambapo watu huweka sadaka na kuomba. Basi sisi watumishi wa serikali, ambao tumefundishwa kutoa maneno yasiyo ya lazima katika barua, tunaandika jina la mzimu juu ya kila barua inayotoka Mpanda. Hatudhani kwamba waliopendekeza jina hilo walikuwa na mawazo hayo. Walilichukua kutoka katika hifadhi, na hifadhi ililichukua kutoka katika ziwa. Hata hivyo jambo limetokea, nalo ni zuri.

Tunacholalamikia ni jinsi habari ya Katabi inavyoandikwa. Ukisoma vijitabu vya watalii utaikuta katika sentensi mbili, baada ya viboko na kabla ya bei. Viboko wenyewe ni wa kustaajabisha, hatukatai: kiangazi kikali kikifika na Mto Katuma ukikauka, hukusanyika kwa mamia katika madimbwi yaliyobaki, wakibanana mpaka maji hayaonekani, na mamba hujificha katika mashimo ya kingo wakisubiri mvua. Hata Sitalike, kijiji kilicho langoni, mtu huwaona akiwa juu ya daraja. Lakini Katabi amefanywa kuwa pambo la viboko. Masimulizi ya mzimu ni utanzu wa fasihi wenye kanuni zake: una mahali pake, una anayeruhusiwa kusema, una majira ya kusemwa, na una jambo unalolitaka kwa msikilizaji. Mwindaji aliyekwenda kwenye mkwaju hakwenda kusikiliza hadithi. Alikwenda kuomba idhini. Hadithi ikiondolewa idhini yake hubaki kama wimbo wa jando unaoimbwa redioni baina ya matangazo ya sabuni. Na mti huo leo umo ndani ya mipaka ya hifadhi, ambayo ilipanuliwa mwaka 1998 ikapata eneo la kilomita za mraba 4,471.

Vijitabu hivyo hutumia pia neno moja ambalo lazima tulipinge. Husema kwamba Katavi ni pori ambalo halijaguswa. Halijaguswa na nani? Misafara ya karne ya 19 iliikuta nchi hii ina vijiji vyenye maboma na mashamba. Vita vikawatawanya watu, maradhi yakafuata, kisha katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza ikawakusanya wakazi wa sehemu nyingi za magharibi katika makazi makubwa kwa sababu ya malale, na nchi walizoziacha zikarudiwa na miti na mbung'o. Vijana wao wakakuta pori, wajukuu wakakuta hifadhi. Kwa hiyo ule utulivu anaoulipia mgeni una tarehe zake na una amri zake za serikali. Hatusemi watu warudishwe, wala hatusemi wanyama si urithi wa taifa. Sisi ni watu wa kwanza kuwasifu. Tunasema mwandishi akiita shamba lililohamwa pori la tangu dunia iumbwe, ameandika uongo, hata kama amemaanisha sifa.

Sasa tumefikia sehemu ambayo ni nzito, nayo ndiyo iliyotusukuma kuandika.

Mwaka 1972 kulitokea mauaji makubwa nchini Burundi, na Wahutu kwa makumi ya maelfu wakavuka mpaka. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi. Katumba, kando ya ile reli ya risasi, ilianzishwa mwaka uliofuata. Ulyankulu ya Tabora ilianzishwa katika kipindi hicho hicho. Na Mishamo, magharibi ya Mpanda, ikafunguliwa mwaka 1978. Watu hao walikata miombo, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, na katika muda wa miaka michache wakajilisha wenyewe na kulisha wengine. Mahindi yaliyopakiwa Mpanda kwenda masoko ya mbali yalitoka kwa sehemu si ndogo katika mikono hiyo. Na Mishamo ndiko kilikoanzishwa chama cha Palipehutu mwaka 1980, chama ambacho matawi yake yangekuja kuwamo katika vita na siasa za Burundi kwa miaka mingi. Historia ya nchi nyingine ilikuwa ikiandikwa katika vijiji vya Mpanda, nasi tuliokuwa tukipita kwa treni tuliona mashamba tu.

Kitabu kilichowafanya watu wa Mishamo wajulikane duniani ni Purity and Exile cha Liisa Malkki, msomi mwenye asili ya Finland, kilichochapishwa Chicago mwaka 1995 kutokana na utafiti wa katikati ya miaka ya 1980. Wanafunzi wa elimu ya jamii katika vyuo vya Ulaya na Marekani wanalijua jina la Mishamo kwa sababu yake. Wapo madaktari wa falsafa wanaoweza kuieleza Mishamo ambao hawawezi kuionyesha Mpanda kwenye ramani. Malkki aliwalinganisha wakimbizi wa makazini na wale waliojichanganya mjini Kigoma. Aliona kwamba wa makazini, kwa kukaa pamoja na kukumbuka pamoja, walijitungia historia ya taifa lao, yenye mwanzo, maangamizi, uhamisho na ahadi ya kurudi. Na wa mjini waliishi kwa majina na nasaba nyingi, kila moja kwa mahali pake.

Kama kazi ya uchunguzi, kitabu hiki kina uzito. Kilichotuvutia sisi ni kwamba kinafanya kazi ambayo mhakiki wa fasihi simulizi angepaswa kuifanya. Malkki alisikiliza masimulizi yale kama mtu asikilizaye utenzi: alitambua kwamba yanarudiwa kwa mpangilio mmoja na watu mbalimbali, kwamba yana vituo vyake, kwamba kila kisa kina mafunzo yaliyokusudiwa. Hakuuliza tu kama ni kweli. Aliuliza yanajenga nini. Lakini tuna maswali mawili. Kwanza, katika kitabu kile Tanzania imefanywa ukuta wa nyuma. Watanzania hutokea kama maofisa wenye vibali vya kutoka na kuingia. Jirani Mkonongo, Mbende, au Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake, ambao wote walikuwa wakiuziana na kuoana na watu hao, wanasikika kwa mbali. Pili, kitabu kimeigandisha Mishamo katika miaka ya 1980. Msomaji hufunga ukurasa akiamini kwamba kila mtu wa makazini anasubiri kurudi. Mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2007 watu hao waliulizwa rasmi kama wanataka kurejea Burundi au kuwa raia wa Tanzania, na sehemu kubwa, kadiri ya wanne katika kila watano, wakachagua Tanzania. Mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kundi kubwa namna hiyo la wakimbizi kupewa uraia kwa mara moja ni jambo ambalo mifano yake duniani ni haba. Ile historia iliyosimuliwa kwa Malkki ilikuwa na kurudi kama beti yake ya mwisho, na wasimulizi wenyewe, au watoto wao, wakaibadilisha beti hiyo.

Lawama hii, hata hivyo, haimwangukii Malkki. Yeye aliandika alichokisikia katika wakati wake. Inatuangukia sisi. Tumeisoma mikusanyo kadha ya ngano, methali, ngoma na mila za mkoa huu, iliyoandaliwa kwa heshima kubwa. Humo wamo Wapimbwe, Wakonongo, Wabende, Watongwe, Warungwa na Wafipa. Na siku hizi wamo Wasukuma, ambao nao walihamia. Hatukuona mahali walipotajwa watu wa Katumba na Mishamo. Vyeti wanavyo, kura wanapiga, mahindi yao tunakula. Katika kitabu cha utamaduni hawamo. Tumewahi kuuliza sababu katika kikao kimoja, tukajibiwa kwamba ngoma zao ni za nje. Kwa kipimo hicho tungeitoa taarabu katika utamaduni wa taifa kwa kuwa ilipitia Misri, na hata gwaride la beni, ambalo babu zetu walilicheza mpaka viatu vikachakaa, tungelirudisha kwa wenye tarumbeta.

Wapo pia wasemao kwamba tusubiri kizazi kipite, tofauti zitajifuta zenyewe. Sisi kwa upande wetu tunaona kwamba kusubiri huko ndiko kunakopoteza. Wazee waliotembea kutoka Burundi mwaka 1972 wanapungua, na masimulizi yale ambayo mgeni aliyaona yanafaa kitabu kizima yanakufa bila ya kuandikwa katika lugha ambayo wajukuu wao wanaisoma shuleni. Wajukuu hao wanaandika Kiswahili. Tumepata kuzisoma insha zao, na mashairi yao mawili matatu yenye mizani kumi na sita iliyokamilika. Mtunzi mmoja, kijana wa Katumba, alifunga vina vyake kwa neno la Kirundi katika ubeti wa tatu, na mwalimu wake akalipiga mstari mwekundu. Tulilitazama neno lile kwa muda. Mizani ilikuwa sawa, kina kilikuwa sawa, na hapakuwa na neno la Kiswahili ambalo lingekaa mahali pale bila ya kuuharibu ubeti. Tukamwomba mwalimu aufute ule wino.